Nyumba ya Zamu

Zamu ni neno la kazi kabla ya kuwa neno la raha. Walinzi hukesha kwa zamu, wanawake huteka maji kisimani kwa zamu, wauguzi huwaangalia wagonjwa kwa zamu. Aliye katika zamu ana haki na wajibu kwa muda wake. Muda ukiisha humwachia mwenziwe mahali. Uzuri wa desturi hii ni kuwa atokaye na aingiaye huonana mlangoni. Kama maji ya kisima yamepungua, au mgonjwa wa kitanda cha dirishani amezidiwa, habari hutoka kinywani mwa huyu ikaingia sikioni mwa yule, na kazi haikatiki.

Iko mali nyingine imilikiwayo kwa zamu ambayo wenyewe hawaonani kamwe. Mali hiyo ni nyumba ya mapumziko. Mnunuzi hanunui nyumba nzima, wala si mpangaji. Hununua juma moja la kila mwaka katika chumba fulani, na juma hilo huwa lake kwa hati. Aweza kulitumia, kulikopesha, kulibadili au kuwarithisha watoto wake. Biashara hii ilizaliwa Ulaya. Mwaka 1963 ilianzishwa Uswisi kampuni iliyowauzia watu haki ya kukaa kwa muda katika nyumba zake za mapumziko. Baadaye mtindo ule ukavuka bahari, na mwaka 1974 likaanzishwa katika jimbo la Indiana, Marekani, shirika la kubadilishana majuma, hata mwenye juma la Florida akaweza kulitoa akapewa juma la Hispania. Katika miaka yetu hii mji wa Orlando na viunga vyake, huko Florida, ni mahali pamoja katika pale penye wingi mkubwa wa nyumba za namna hii duniani.

Mwaka una majuma 52. Wauzaji wengi wa nyumba hizi waliuza majuma 51 ya kila chumba, wakaliacha moja bila mwenyewe, ili mafundi waingie kupaka rangi, kukaza bawaba na kuziba nyufa. Ilikuwa hekima kubwa kulitenga juma la nyundo tangu siku ya kwanza. Lakini nyumba huzeeka kuliko hesabu ya waliyoijenga, na hufika mwaka ambao juma moja halitoshi.

Miongoni mwa wanunuzi walikuwa mume na mke, watu wa Mombasa, waliohamia Columbus katika jimbo la Ohio. Mume alikuwa mwashi. Kazi alijifunza ujanani kwa fundi mmoja mkali wa Mji wa Kale, katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na Marekani alipanda daraja akawa msimamizi wa majenzi mpaka magoti yalipomkataza ngazi. Mke alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na zamu hiyo aliishika miaka 19.

Watu walalao usiku hawajui usingizi wa mchana ni kitu gani. Alalaye mchana hulala katikati ya ulimwengu ulio macho. Jirani hukata majani kwa mashine. Gari la taka hupita. Mpeleka barua hugonga. Na Mombasa, ambako saa hizo jua limekwisha kupinda, ndugu hukumbuka kupiga simu. Mke huyo alijifunza kulala vipande vipande, kama mtu aokotaye ushanga uliokatika uzi. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa amechoka tu, kwa uchovu ambao haukutoka kwa siku moja ya mapumziko.

Mwaka 2007 walikwenda Orlando na watoto, na kama wageni wengi waliahidiwa tikiti za bei nafuu wakikubali kusikiliza maelezo kwa dakika 90. Dakika 90 ziligeuka nusu ya siku. Wauzaji wa majuma wana ufundi wao: mmoja hucheka, mwingine huhesabu, wa tatu huja mwisho na bei ambayo, asema, kesho haitakuwapo. Mume na mke walitia sahihi kwa dola 14,000, nao walilazwa usiku mbili katika chumba cha mfano. Sheria ya Florida humpa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila ya kulipa chochote. Siku ya tisa, wakiwa wamekwisha rudi Columbus, mume alitoa karatasi akaziweka mezani.

“Mama watoto, kesho siku zinakwisha. Tuzirudishe?”

Mke alifikiri. “Usiku zile tulizolala pale, ulisikia kitu?”

“Sikusikia kitu.”

“Basi mimi ndicho ninachokinunua.”

Na si haki kusema walidanganywa. Tangu mwaka 2008 mpaka 2018, kila mwezi wa Februari, juma la saba la mwaka, walitoka katika theluji ya Ohio wakaendesha gari maili zipatazo 950 kwa siku mbili, wakafika penye miti ya kijani na ziwa dogo. Mume alivua samaki asiowala. Mke alilala. Alilala usiku kama viumbe wengine walalavyo, akalala tena alasiri, na siku ya nne uso wake ulikuwa uso mwingine. Watoto walipokua wakaacha kuandamana nao, wawili hawa waliendelea peke yao. Ada ya matunzo ilipanda kutoka dola 480 mpaka ikapita dola 1,000 kwa mwaka, wakailipa. Majuma kama lao yalionekana yakiuzwa na watu waliochoka nayo kwa dola 1, wakacheka. Walichokinunua hakikuwa na bei sokoni.

Katika mwaka 2018 ilikuja barua. Vyumba vyote 96 vitafanywa vipya, nyumba baada ya nyumba. Kila mwenye juma atatoa mchango wa dola 1,300 mbali na ada yake. Picha zilizofuatana na barua zilionyesha bafu jeupe, jiko la kijivu, na sakafu ya mbao za plastiki zing’aazo kama maji. Mazulia, ilisema barua, ni mambo ya zamani, yataondolewa.

Mume aliisoma akapendezwa. Mazulia yale yalikuwa na madoa, na Florida ni nchi ya unyevu. Zulia la huko hupata harufu ya ukungu upesi. Tena siku ya Jumamosi wageni hutoka saa nne asubuhi na wengine huingia saa kumi alasiri, na katika saa hizo sita watumishi wapaswa kusafisha kila kitu. Sakafu ngumu hupigwa deki ikaisha. Sababu zote zilikuwa njema. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika barua ile, na pengine hilo ndilo lililofanya kosa lake lisionekane.

Walifika Jumamosi moja ya Februari, 2019. Nyumba yao ilikuwa imekwisha tengenezwa. Nyumba ya pili, hatua 30 kutoka dirishani, ilikuwa imevuliwa milango, na pembeni yake limewekwa pipa kubwa la chuma la kutupia vifusi. Jumapili palikuwa kimya mchana. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi keekee ya umeme iliingia katika ukuta wa saruji, na mara ikafuatwa na msumeno wa vigae, ambao sauti yake haina pumzi. Kila baada ya dakika kumi vigae vya zamani viliangushwa katika pipa lile tupu kutoka ghorofa ya pili.

Kelele ya mafundi, hata hivyo, ina heshima moja: huisha jioni. Mwashi mstaafu aliivumilia kwa moyo wa mtu ambaye naye ameamsha wengi katika maisha yake. Iliyomshinda ilikuwa ile ya usiku. Tangu jioni ya kwanza walisikia juu ya vichwa vyao miguu ikitembea. Haikuwa sauti ya mbali kama ya zamani, ambayo mtu huisikia akaisahau. Ilikuwa kishindo kamili, hatua moja moja, hata wakaweza kujua aliye juu ametoka kitandani, amepita jikoni, amefungua kabati, amerudi. Kiti kilipoburutwa ilikuwa kana kwamba kimeburutwa juu ya mto wao. Saa nane za usiku kitu kidogo kilianguka na kuviringika, na mke akaketi kitandani kama aliyeitwa na kengele ya mgonjwa.

Jumapili jioni mume alipanda juu kwa adabu kuwaomba majirani wapunguze. Alifunguliwa na bibi mzee mwenye wajukuu watatu, na wote wanne walikuwa miguu mitupu. Bibi yule aliona haya, akaomba radhi mara tatu, akawaambia watoto watembee polepole. Walitembea polepole mbele yake, kwa ncha za vidole. Mume aliteremka akiwa amejua jambo ambalo hangelijua kwa kukaa chini na kukasirika: palikuwa hapana mkosaji juu.

Twapaswa kusimama kidogo hapa, maana jambo hili huleta ugomvi mwingi na hueleweka kidogo. Kelele ziingiazo nyumbani ni za namna mbili. Ya kwanza husafiri hewani, kama sauti ya mtu au redio, nayo huzuiwa kwa ukuta mzito na mlango uliofunga sawasawa. Ya pili huzaliwa katika mwili wa nyumba wenyewe, mguu unapoigonga sakafu. Nyumba nzima huwa ngoma, na aliye chini hukaa ndani ya ngoma hiyo. Ngozi nene haisaidii sana kama fimbo ni ngumu. Dawa yake ni kuilainisha sakafu pale inapopigwa. Wapimaji wana mashine yenye nyundo tano, kila moja ya gramu 500, ziangukazo kutoka milimita 40, mapigo 10 kwa kila sekunde. Huiweka juu, wakapima chini, wakaipa sakafu alama. Kanuni ya majenzi ifuatwayo sehemu nyingi za Marekani hutaka sakafu itenganishayo makao ya watu mbalimbali ipate alama 50 katika maabara, au 45 ikipimwa katika nyumba yenyewe. Zulia lenye sponji chini yake huweza kuiongezea sakafu alama 20 au zaidi. Liondoe, weka ubao mgumu bila ya tabaka la mpira au kizibo chini yake, na sakafu ile ile iliyokuwa bubu hupata ulimi. Tena katika nyumba za mbao, kama ile yao, uko mshindo mzito wa kisigino ambao alama hizo hazikupangwa kuupima, kwa kuwa uko chini ya sauti zihesabiwazo. Hata sakafu iliyofaulu mtihani yaweza kumnyima mtu usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaja desibeli 30 kuwa kadiri ya chumba cha kulala usiku. Hicho ni kimya cha mnong’ono.

Kwa hiyo kile alichokinunua mke mwaka 2007, bila ya mtu yeyote kujua, kilikuwa zulia. Kimya chake kilikuwa kitambaa chenye madoa kilicholala sakafuni kwa watu wengine, na barua yenye picha nzuri ilikitupa katika pipa la chuma.

Mwashi akisha kuanza kutazama haachi. Usiku wa Jumatatu, mkewe akiwa amelala sebuleni kwa kujaribu, alitoa sarafu mfukoni akapiga magoti, kwa taabu, katika bafu jipya. Kigae kilichobandikwa vema hujibu sarafu kwa sauti fupi na nzito, kama mtu mwenye shibe. Kisichoshikwa chini hulia kama kibuyu kikavu. Mahali pa maji huagizwa saruji ya kubandikia iguse si chini ya sehemu 95 katika 100 za mgongo wa kigae. Mahali pakavu, 80. Katika vigae 64 vya bafu lile, 23 vililia. Akamimina kikombe cha maji sakafuni pa kuogea: yalipaswa kukimbilia tundu kwa mteremko wa robo inchi kwa kila futi; yalikwenda kona ya ukutani yakakaa. Mlango wa chumba ulikuwa umekatwa chini kwa kuipisha sakafu mpya, ukakatwa mno, na mwanga wa ukumbi ukaingia kwa upana wa vidole viwili. Nyuma ya choo rangi nyeupe ilipakwa juu ya ukungu, na ukungu ulikuwa umekwisha anza kurudi kama jina lililofutwa vibaya ubaoni. Aliyaandika yote kwa kalamu ya risasi, mambo 17, na vipimo vyake. Hakuna kitabu cha malalamiko kilichoandikwa kwa raha kama kile. Kwa saa mbili magoti hayakumuuma.

Jumanne alikwenda mapokezi. Binti aliyekuwa pale alimsikiliza kwa upole wa kweli, akampa hati mbili za kifungua kinywa cha bure, na akamwalika yeye na mkewe katika mkutano wa wenye majuma kesho yake, ambako, alisema, maoni yao yatapokewa. Walikwenda. Mkutano ulikuwa meza moja na kijana mmoja mwenye suti, naye alipokwisha andika neno “kelele” katika karatasi yake alifungua picha za nyumba nyingine, iliyo kimya zaidi, ambayo wangeweza kuihamia kwa kuongeza dola 9,000. Mke, ambaye katika miaka 19 amewahi kuwaeleza watu habari za vifo bila ya kutetemeka, alicheka mpaka akafuta machozi. Kijana naye alicheka, bila ya kujua sababu.

Hapo ndipo ilipodhihirika namna mali hii ilivyo. Mwenye nyumba nzima akikuta ufa humwita fundi. Mpangaji humwita mwenye nyumba. Mwenye juma amwite nani? Ni mwenyewe, na hati anayo. Lakini chumba kile kile kina wenyewe wengine 50, na vyumba 96 vyafanya majuma 4,896. Aliyelala pale juma la sita pengine naye alikesha. Aliondoka Jumamosi saa nne. Atakayekuja juma la nane hajui bado. Mtu huwa na siku saba za kuona ubaya, kuutaja, kungojea na kujibiwa, na ofisi ina mwaka mzima. Akirudi Februari nyingine huwakuta watu wengine mezani. Kipo chama cha wenye majuma, chenye halmashauri ipigiwayo kura, lakini wapiga kura wametawanyika katika majimbo na nchi nyingi, hawana anwani za wenzao, na wengi wao huikumbuka nyumba mara moja kwa mwaka wanapoletewa hati ya kulipa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema watu wa pwani. Mwenye juma ana siku saba, amelipa bei ya jembe na ya shamba, na bado ni mgeni.

Hata hivyo orodha ya mambo 17 ilifanya kazi. Jumatano alasiri meneja alikuja mwenyewe, akayaona maji yamekaa kona, akapiga picha. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya alichokiona, na kigae kiliacho huonekana na kusikika. Kuhusu kishindo cha juu, alisimama akasikiliza. Ilikuwa saa tisa za mchana na watoto wamekwenda kuogelea. Hakuna kilichosikika. Aliandika mambo 16.

Alhamisi asubuhi mlango uligongwa. Alisimama kijana wa Amerika ya Kati, hajafika miaka 30, ana ndoo, mwiko na patasi, na nyuma yake mvulana wa kumsaidia. Alikuwa ndiye aliyelibandika bafu lile. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na cha mwashi kilikuwa cha kazini, lakini watu wawili wajuao mwiko hawahitaji maneno mengi. Alilipwa kwa chumba, si kwa siku. Chumba kilikadiriwa siku mbili. Mkandarasi mkubwa alimpa kazi mkandarasi mdogo, na mdogo akampa yeye, na kila mkono uliopitisha kazi ulibakisha kitu. Kurudia vigae 23 hakuna malipo. Na mpaka virudiwe, malipo ya vyumba vitatu vya jumla hiyo yamezuiwa. Tabaka la chini ya sakafu ya mbao? Alionyesha kwa mkono kitu kinachofutwa katika karatasi. Lilikuwamo katika agizo la kwanza, halikuletwa.

Mwashi alikaa juu ya kingo ya birika la kuogea. Zamani, katika Mji wa Kale, aliwahi kujenga ukuta uliokosa timazi kwa upana wa kidole, na fundi wake alimwamuru auvunje mbele ya watu na kuujenga tena bila ya ujira. Aliuvunja akilia, naye tangu siku ile hakujenga ukuta uliopinda. Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia mara nyingi kwa vijana aliowasimamia, kama funzo. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, aliiona ina upungufu: fundi wake alimpa muda wote alioutaka kwa ule ukuta.

Na liko jambo jingine ambalo orodha haikulifikiri. Kung’oa vigae 23 ni nyundo na patasi ndani ya chumba chenyewe, nyuma ya ukuta wa kitanda, kutwa nzima, katika siku ya sita ya juma ambalo mke hajalala. Malalamiko yao dhidi ya kelele yalikuwa yamejibiwa kwa kelele. Mume alitoka kumweleza. Alikuwa tayari kumwambia kijana aende zake, aandike imekwisha, apate fedha yake.

“Mwache apige,” mke alisema. “Asipopiga leo, atakayekuja Jumamosi atasikia nini?”

“Atasikia miguu, Mama watoto. Miguu haimo katika kazi yake.”

“Basi na maji yasimtuame. Mwache apige.”

Akachukua mto na kanga, akaenda kulala katika gari, chini ya mti wa mlaoni kando ya ziwa, madirisha yamefunguliwa kidogo. Alilala saa nne mfululizo. Ndio ulikuwa usingizi wake mrefu kuliko yote ya juma lile, naye aliupata katika kitu pekee pale ambacho kilikuwa chao chote.

Mume alibaki bafuni. Hakushika mwiko, maana mtu haingilii kazi ya fundi mwenziwe. Lakini alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasafisha migongo ya vigae vilivyotoka vizima, na kila kimoja alipokigeuza aliona vitone vitano vya saruji, kimoja katikati na kimoja kila pembe, ndiyo njia ya mtu aliyepewa siku mbili. Safari hii kijana alitandaza saruji kwa mwiko wa meno, sakafu nzima, akakipaka na kigae mgongoni, akakisukuma mpaka kikanyonya. Alijua tangu mwanzo. Jioni mume aliandika barua ya pili kwa ofisi na kwa halmashauri ya chama. Aligawa mambo yake 17 mafungu mawili, makosa ya mwiko na makosa ya kalamu. Ya mwiko, alisema, yametengenezwa na aliyeyafanya, naomba alipwe. Ya kalamu ni tabaka lililofutwa katika agizo, na hayo hakuna fundi awezaye kuyatengeneza kwa patasi. Yataka mtu aliyeyaandika. Barua hiyo haikupata jibu. Kilichokuja Januari iliyofuata ni hati ya ada, nayo ilikuwa imepanda.

Ijumaa kijana alirudi kujaza viungo baina ya vigae. Alipokwisha, na saruji ilipokuwa imeshika, mwashi alipiga magoti na sarafu yake akapita kigae baada ya kigae, mvulana akihesabu kwa Kispania. Vyote vilijibu kwa kifupi. Kijana alicheka, akanawa mwiko, akashikana naye mkono ambao bado ulikuwa na vumbi, akaenda zake kutafuta malipo ya vyumba vitatu.

Mke aliingia kutoka ziwani na mto wake chini ya kwapa. Alisimama mlangoni pa bafu akatazama, akasema ni pazuri. Juu, bibi na wajukuu wake walikuwa wamerudi. Mtoto mmoja alikimbia kutoka mlangoni mpaka dirishani, miguu mitupu, akanyamazishwa, akarudi polepole kwa ncha za vidole, na wote wawili chini walizihesabu hatua zake.